Njiwa shingo zinapinda, PCR imesema Newcastle: hiki kirusi ni cha kuku au cha njiwa?

BandaKibaha
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya maabara. Njiwa wangu wanaumwa, wanaharisha majimaji matupu halafu shingo inapinda mpaka kichwa kinaangalia juu, anadonoa punje anaikosa anadonoa pembeni, inaniuma sana kuwaangalia. Kuku wako banda la jirani yake na ni wazima, juzi juzi tu niliwachanja kideri (ndio hiyo Newcastle), ile chanjo ya I-2 ya matone ya jicho. Nimepeleka sampuli za njiwa, jibu limerudi "Newcastle positive" kwa PCR (kile kipimo cha kutafuta vipande vya jeni za kirusi) basi, hakuna maelezo. Huku mtaani mmoja anasema kuku ndio wamewaambukiza, mwingine anasema njiwa ndio wachawi nichinje wote. Kuna kipimo cha kumaliza huu ubishi?

FundiSampuli
Kipo mkuu, usichinje kwanza, watenge tu wagonjwa na vyombo vyao. Iko hivi: PCR ya mwanzo mara nyingi inatafuta kipande cha jeni ya M, na hicho kipande karibu jamii yote ya Newcastle wanacho, hata kirusi cha chanjo. Na I-2 ni chanjo hai, inasambaa ndege kwa ndege, njiwa anayeokota chakula chini ya kuku waliochanjwa anaweza kuibeba na isimdhuru. Kwahiyo hiyo positive peke yake haijakwambia kinachoua njiwa wako.

Omba wasome jeni ya F. Protini ya F ndio inakiingiza kirusi ndani ya seli, lakini lazima ikatwe kwanza na vimeng'enya vya ndege mwenyewe. Pale kwenye mkato, nafasi ya 112 mpaka 117, La Sota, chanjo nyingine hai ya kideri, inasomeka G-R-Q-G-R-L (kila herufi ni asidi amino moja, yaani tofali moja la protini), hiyo inakatwa kwenye njia ya hewa na utumbo tu. Kirusi cha njiwa, wanakiita PPMV-1, mara nyingi ni R-R-Q-K-R-F. Hapo vimeng'enya vya karibu kila kiungo vinaweza kukata, ndio maana kinapanda mpaka kwenye ubongo na shingo inapinda.

Wakisoma jeni ya F yote, herufi za kijenetiki 1,662, wanailinganisha na zilizoko GenBank (hifadhi ya jeni mtandaoni) wanaona imekaa tawi gani, na tawi ndio wanaita genotaipu. Vya njiwa wengi vinaangukia genotaipu VI na ndugu zake wa karibu XX na XXI. Genotaipu V imeshapatikana kwa kuku hapa Tanzania, Kenya na Uganda, sasa ukipewa V anza kuangalia upande wa kuku.

Manyoya254
Sawa lakini hizo herufi zitamsaidia nini mfugaji na kirusi hakina dawa? Si afadhali hiyo pesa anunue chakula

DktMifugo_Moro
Inasaidia sana ndugu yangu. Ikionekana ni ya chanjo tu, ujue muuaji ni mwingine, na salmonela, ambayo ni bakteria, nayo inapindisha shingo hivyohivyo na ile ina dawa. Ikiwa ni PPMV-1 basi ambao hawajaumwa wachanjwe, na kuku walindwe, maana hii kitu inavuka. Uingereza mwaka 1984 kuku waliugua baada ya kula chakula kilichochafuliwa na vinyesi vya njiwa kwenye maghala ya bandari ya Liverpool, na kilichotambuliwa kilikuwa ni hichohicho cha njiwa.

Bwana Kibaha, kama wanaoumwa zaidi ni makinda, ulizia pia sakovirusi, kirusi kingine cha njiwa. Chenyewe jeni zake ni DNA, kaduara kadogo ka herufi kama 2,000 tu, ila kinaangusha kinga ya mwili magonjwa mengine yanapata mlango. PCR ya Newcastle haiwezi kukiona kabisa kwasababu inatafuta kitu kingine.

BandaKibaha
Asanteni sana, daktari na fundi mmenitoa gizani. Wanaoumwa zaidi ni wakubwa, makinda bado. Sasa sampuli nichukue wapi maana mara ya kwanza walichukua kinyesi tu

FundiSampuli
Swabu (kijiti chenye pamba) ya kooni na ya tundu la haja, kwa wanaoanza kuumwa maana hao ndio wanatoa kirusi kwa wingi. Akifa mmoja usimtupe, mpeleke mzima ndani ya aisiboksi wakatoe ubongo, Newcastle ikipatikana kwenye ubongo na mkato wa F ni wa ukali, chanjo haiwezi kusingiziwa tena. Barafu iwe ya kutosha, RNA ya hiki kirusi, yaani jeni zake, inaharibika haraka kwenye joto na ikishavunjikavunjika hata kama PCR itasoma positive sikwensi ndefu (mfuatano wa herufi za jeni) hupati. Na kwenye fomu andika tarehe ya kuchanja kuku na jina la chanjo, wengi wanaliacha hilo halafu anayesoma majibu anahangaika bure.

DktMifugo_Moro
Mwambie pia aombe sehemu ya huo ubongo na ini ioteshwe kuangalia salmonela, kwa safari hiyohiyo. Asimpe njiwa dawa yoyote kabla ya hapo.