Watoto, sayansi na hesabu: likizo ya Mbeya tuitumieje?

Kutoka: Mama Lusajo, Reading

Mugonile ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Mwishoni mwa Julai, shule za huku Uingereza zikifunga, nakuja Mbeya na wanangu wawili, wa miaka 9 na 12. Mdogo amepita ule mtihani wa jedwali la kuzidisha wa mwaka wa nne, maswali 25, sekunde 6 kila swali, na tangu hapo akisikia hesabu ananuna. Mkubwa anasema sayansi ni kunakili tu. Nataka washirikiane na binamu zao wa darasa la tano na la saba kwenye kitu cha maana, ila vitabu vya mazoezi sibebi. Wenzao watakuwa wameshafungua shule, kwa hiyo tuna jioni na Jumamosi. Kuna aliyejaribu?

Kutoka: Baba Neema, Aberdeen

Dada, umefanya vema kuacha vitabu. Beba kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama, kinachosoma kupita digrii 100. Cha homa hakifai. Ongeza tepu ya kupimia na sumaku ndogo ya mlango wa friji.

Kabla ya safari chemsheni maji hapo Reading, watoto wasome wenyewe na waandike. Watapata 100 au pungufu kidogo sana. Mkifika Mbeya mchemshe tena, bila kuwadokeza lolote. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yatatokota kwenye 94 hivi na hapo hapo yatagoma, uchochee moto usichochee. Mdogo atasema kipimajoto kimeharibika. Mwache aseme! Ukianza kueleza dakika hiyo umemaliza mchezo. Mwambie atafute namna ya kuthibitisha kwamba ni kibovu. Na bibi akiwa jikoni ataingilia tu, maana anajua maharage ya Mbeya yanavyokula mkaa kuliko ya Kyela kule chini.

Wakishabishana vya kutosha ndipo waambiwe: huko juu hewa inayokandamiza maji ni kidogo, kwa hiyo yanachemka mapema kabla hayajafika 100. Kila mita 300 unazopanda, digrii 1 hivi inapungua. Sasa toa karatasi ya grafu. Mita ziende chini, digrii pembeni, Reading iwe nukta ya kwanza, Mbeya ya pili. Mkishuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mita 480 hivi, mtapata nukta juu kidogo ya 98. Kisha siku ya kupanda Kitulo, kwenye uwanda wa juu, kwa njia ya Isyonje, wavute mstari kwa rula na kila mtoto aandike ubashiri wake kabla jiko halijawashwa. Kule kwenye mita 2,600 mstari utaangukia 91 hivi. Mtoto aliyebashiri mwenyewe halafu akaona namba inakuja humwambii tena kwamba hesabu ina kazi.

Huko huko Kitulo, chukueni chupa tupu ya maji ya nusu lita, ile laini, mfunge kizibo kwa nguvu na kuitupa kwenye buti. Mkifika Matema itakuwa imebonyea kama imekanyagwa. Msiifungue hewani. Izamisheni yote kwenye ndoo, mfungue ndani ya maji, yaingie yenyewe, kisha mpime yaliyoingia kwa kikombe cha vipimo. Yatakuwa kama sehemu moja ya tano ya chupa. Hapo sehemu na asilimia zinafundishwa bila mtu kusema leo tunasoma asilimia.

Jumamosi nyingine nendeni Mbozi, kijiji cha Ndolezi, kwenye kimondo. Uzito unaotajwa ni tani 12. Urefu wake ni kama mita 3, kimo karibu mita 1. Watoto wapime na tepu, wazidishe urefu kwa upana kwa kimo, halafu wazidishe kwa tani 7.8 kwa kila mita ya ujazo, maana ni chuma chenye nikeli kidogo. Watapata zaidi ya tani 20 na watapiga kelele kwamba kibao kinadanganya. Waulize: hilo boksi mlilopima, lote ni chuma? Kimondo kimechongoka na kina mabonde, tani 12 ni mita za ujazo 1.5 tu. Sumaku itanasa, ila waombeni ruhusa walinzi kwanza.

Kutoka: Mama Subira, Columbus

Baba Neema umenikumbusha mbali. Ila Mama Lusajo, huyo wa darasa la saba muacheni. Mtihani wa taifa ni Septemba, na shule nyingi Agosti zinawaweka watoto kambi. Mama yake hatakwambia usoni, lakini ukimtoa mtoto kambini kwenda Kitulo kuchemsha maji, maneno utayasikia ukisharudi huko. Chukua wa la tano.

Jambo jingine. Wetu wanakuja na vifaa, wanashika wao, wa nyumbani wanabaki kushangaa. Mimi hilo linaniudhi kuliko watoto kukaa na simu. Kipimajoto ashike binamu, wako waandike. Na mkiondoka kibaki Mbeya, waendelee kutumiana namba kwa WhatsApp. Ukirudi nacho Uingereza, darasa limefungwa uwanja wa ndege.

Kutoka: Mwalimu, Iringa

Kamwene wapendwa. Mkipita Iringa msisahau kwamba swali la Mpemba liliulizwa hapa. Erasto Mpemba aliona jambo lenyewe mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu, shule ya sekondari Magamba, wakati wakitengeneza aiskrimu: maziwa yake ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akaambiwa amechanganyikiwa. Akiwa shule ya Mkwawa, hapa Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, wenzake wakacheka. Osborne alienda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Friji ya kugandisha ya jirani anayeuza barafu inatosha. Vikombe viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kilekile, kimoja cha moto, kingine cha uvuguvugu, vikae rafu moja. Wachungulie kila dakika 10 na kuandika. Tahadhari: msiwaahidi kwamba cha moto kitashinda. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu wasipate ushahidi wa kuridhisha, na mabishano yanaendelea. Darasani kwangu kikombe cha uvuguvugu kinatangulia mara nyingi, na wanafunzi wanagombana kuhusu nani alifungua mlango wa friji. Ugomvi huo ni fizikia tosha, msiuamue.

Kutoka: Mama Lusajo, Reading

Asanteni sana. Wa la saba nimemuacha, nimeshaongea na wifi. Kipimajoto nimepata cha betri, hakina kioo wala zebaki, kwa hiyo mizigo haina tatizo. Kilichobaki ni usafiri: kuna mwenye gari la kupanda Kitulo Jumamosi ya kwanza ya Agosti? Mafuta tutachanga.