Naomba ushauri: pointi za kasino, sloti au poka ya video?
Wakuu, niko Las Vegas na nina kadi ya Caesars Rewards, yaani ya uanachama wa kasino za Caesars, inayokusanya pointi ukicheza. Sloti inatoa pointi 1 kwa kila dola 5 za dau, poka ya video (poka ya karata kwenye mashine) kila dola 10. Kinachohesabiwa ni jumla ya dau, si hela uliyoingiza: noti ya 20 ukiizungusha mara tano ni dola 100, pointi 20. Lakini pointi 100 ni dola moja tu ya kuchezea. Yaani nizungushe dola 500 kwenye sloti nipate dola moja, mtihani huo!

Poka ya video yenye jedwali zuri la malipo (orodha ya kinacholipwa kwa kila mkono wa karata) hurudisha zaidi kuliko sloti, ila pointi nusu. Wazoefu, nihamie huko? Na ofa za vyumba vya hoteli vya bure ambazo kasino huwapa wachezaji zitapungua?