Kazi tatu, mafundi watatu: nyumba, shule au duka la samani?

Ubao2kwa6: Wakuu, karakana ya useremala, Morogoro. Mafundi watatu, siku 26 kwa mwezi, ujira 25,000 kwa siku. Oda tatu zimegongana:

Nyumba: milango 8 na kabati za jiko, 6,800,000. Vifaa 4,100,000, siku 42 za fundi. Kianzio asilimia 70.

Shule binafsi: madawati 120 kwa 85,000. Vifaa 58,000 kwa dawati, siku 60 za fundi. Kianzio asilimia 30, salio siku 60 baada ya kupokea.

Duka: vitanda 10 kwa mwezi, 280,000 kila kimoja. Vifaa 195,000, siku 2 kwa kitanda. Taslimu.

Niache ipi?

Hesabu_Kwanza: Usitishwe na ukubwa wa oda. Toa vifaa kwenye bei, kisha gawa kwa siku za fundi. Nyumba inakupa 64,000 na ushee kwa siku, shule 54,000, duka 42,500.

Sasa tazama mfuko. Vifaa vya madawati ni 6,960,000, kianzio 3,060,000. Pengo 3,900,000, ongeza ujira 1,500,000: unaidhamini shule kwa 5,400,000. Ukikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, mwezi mmoja wa kazi na miwili ya kusubiri, riba ni 486,000. Ile 54,000 imeshuka hadi 45,900. Na hapo ni wakilipa kwa wakati. Siku ya 60 ikiangukia Juni au Desemba, shule imefungwa na ada hazijaingia.

Mama_Vitanda: Duka msilidharau. Vipimo ni vilevile, 5 kwa 6 na 6 kwa 6, unakata mbao za vitanda vyote kwa mkupuo na mabaki yanapungua. Ila litazame mwezi wa tatu. Huanza taslimu, halafu unasikia "niachie mali kauli, vikiuzwa nakulipa". Hapo kitanda chako kinapigwa vumbi dukani kwake na mtaji wako umelala.

Hesabu_Kwanza: @Mama_Vitanda sawa, lakini ukitoa ujira anabaki na 17,500 kwa siku, na pango na umeme bado. Kazi ya kujaza nafasi, basi.

Randa_Kali: Nyumba inalipa vizuri kwenye karatasi, inakuharibikia kwenye vipimo. Usipime milango mpaka fremu zisimame na vigae vilazwe. Ukipima sakafu ikiwa zege tupu, kigae na saruji yake vinapandisha sakafu, na utarudi kukata mlango chini wakati vanishi imeshakauka. Kabati zisubiri fundi bomba na fundi umeme wamalize. Soketi ikihamishwa, mgongo wa kabati unatobolewa upya.

Mbao nazo: tumia kipima unyevu. Ikisoma zaidi ya asilimia 15, usiunge. Paneli itanywea ndani ya nyumba na maungio yataachia. Na mteja akisema atanunua mbao mwenyewe, wewe umpe ufundi tu, ongeza bei ya siku: atachelewesha, na mlango ukipinda lawama ni yako.

Kalenda: Jumla ni siku 122 za fundi, kwa mwezi unazo 78 (mafundi 3 mara siku 26). Chukua nyumba (42), omba duka likubali vitanda 5 (10), shule iigawe oda: madawati 30 kwa awamu, siku 15, awamu ya pili haianzi kabla ya ya kwanza kulipwa. Jumla 67. Kwa madawati 30 vifaa ni 1,740,000, mzigo unaobebeka.

Ubao2kwa6: Vitanda 10 vyote na awamu ya shule ni 77, bado naingia kwenye 78?

Kalenda: Unaingia kama hakuna atakayeugua, umeme haukatiki na mashine ya randa haiungui. Baki na 67, siku 11 ziwe akiba.

Risiti_Tafadhali: Shule ikikataa awamu, dai kianzio kifike asilimia 70, kilipie vifaa. Ikikataa hilo pia, iache. Kwenye mkataba andikeni nani anakagua na kwa siku ngapi; bila hivyo, siku 60 zinahesabiwa kuanzia pale mhasibu atakapotaka. Ingekuwa shule ya serikali ungepitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na kukatwa kodi ya zuio asilimia 2 kwenye bidhaa, basi hiyo iwe ndani ya bei tangu mwanzo.

Ubao2kwa6: Jumatatu naenda shuleni na pendekezo la 30 kwa 30. Milango nasubiri vigae.