Roze ya jangwa inaanza kulainika chini, mvua hii itaniulia, munisaidiye

Himbi_maua: Jambo bote. Niko na roze ya jangwa (Adenium obesum), tantini yangu alinitumia kado kutoka Kenya, ile yenye shina nene chini inaweka maji. Kiangazi ilitoa maua ya pinki mazuri sana, sasa mvua zimerudi majani yamekuwa njano yanaanguka, na pale chini nikiminya upande moja inabonyea. Iko mu bidoni, udongo mweusi wa parseli, inje. Hapa Goma sijaiona kwa mtu mwingine, ninaipenda sana hii maua. Niongeze maji ao niache?

Katindo_yaya: Iko na kiu hiyo, umwagilie kila asubui.

Ibanda_bustani: Hapana yaya, hata tone moja asimwage! Ya kiu inalegea kote na ngozi inakunjamana, ukiipa maji inakaza tena. Ya kuoza inabonyea mahali pamoja, ukipasua ni kahawia, inanuka. Huyu amesema upande moja. Dada ingoe leo, kisu kisafi, kata mpaka uone nyeupe tupu, paka unga wa makala kisha iache barza kwenye kivuli juma moja ao mawili ikauke. Na maziwa yake ni sumu ya moyo, wawindaji Afrika Mashariki walikuwa wanapaka kwenye mishale, kwa hiyo vaa gan, nawa mikono, watoto na mbuzi wasifike hapo.

Katuba_Lushi: Ibanda amesema kweli. Huku Lubumbashi kiangazi ni kirefu inafurahi, ila baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikianza mi naacha maji kabisa. Nyinyi Goma mko karibu mita 1500 juu na mvua karibu mwaka mzima, njo shida yenu, lakini majiwe madogo ya volkano yale mepesi yenye matundu mnayo bure, Ulaya watu wanayanunua kwa mifuko! Weka sehemu mbili za hayo, moja ya udongo, toboa bidoni vizuri, iweke chini ya ukingo wa manjanja pale jua linapiga sana ila mvua haifiki.

Himbi_maua: Nimekata, kahawia iliingia vidole viwili, chini yake nyeupe safi. Makala nimepaka. Asanti sana! Matawi niliyopunguza naweza kuyapanda?

Ibanda_bustani: Panda, yakauke kwanza siku kadhaa. Yataota ila lile tumbo nene zuri linatoka kwa mbegu. Ile kubwa ukiirudisha ngoja kama juma moja ndio uipe maji.

Katuba_Lushi: Basi tantini akuletee mbegu, za mtu anayezipanda, zisiwe miti iliyong'olewa porini. Hiyo yako inaota toka Senegal mpaka Tanzania na Arabuni, lakini dada yake Adenium swazicum wa Eswatini na majirani ameng'olewa mpaka anakaribia kwisha.

Himbi_maua: Namwandikia leo.