Naomba ushauri: Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, inatosha dhidi ya virusi vya kudai fidia, au ninunue programu nyengine?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kompyuta ni tatu, nyumba moja hapa Wete: mbili za Windows 11, moja Windows 10, ambayo usaidizi wake wa kawaida umekwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Nataka kinga ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia.

Ndani ya Defender kuna ulinzi wa mafolda, unaozuia programu isiyoaminika kubadilisha chochote kwenye Documents na Pictures. Kwa kawaida umezimwa, unauwasha mwenyewe. Kero yake ni kuzuia hata programu halali: unabonyeza kuhifadhi, faili halihifadhiki, mpaka uiruhusu programu ile kwa jina. Na ukiweka programu nyengine ya kinga, kama Bitdefender au Kaspersky, Defender inajiweka pembeni na ulinzi huo unakoma. Kwa hiyo mbili pamoja si kinga maradufu.

Nakala nitaweka kwenye diski ya nje ya TB 1, naichomoa kila nikimaliza. Ikibaki imechomekwa, virusi vinaifunga nayo. Programu za kuvunja leseni, zile zinazozunguka kwenye flashi, nimeshapiga marufuku. Humo ndimo virusi vya STOP, aina moja ya hivyo vya kudai fidia, vilimopitia sana.

Waliotumia Defender na hizo nyengine: kwenye RAM ya GB 4, ipi haiizoroteshi mashine? Masasisho yanakula bando kiasi gani kwa mwezi? Na ile ya Windows 10, niikate intaneti kabisa au niweke Linux, mfumo mwengine badala ya Windows?