Nafasi ya kumi na mbili: gumzo la kikundi cha Kikapu Mtaani

Katibu, Jumatano saa 1:10 jioni: Habari za jioni, wanakikundi. Fomu ya mashindano inarudishwa Ijumaa saa 12 jioni. Majina 11 yamekwisha kuandikwa, na nafasi iliyobaki ni moja tu, ya mchezaji wa kati. Naomba kila mmoja aseme waziwazi: tumbakishe Musa, aliyetubeba chini ya kikapu kwa misimu miwili, au tumwandike yule mwanafunzi mrefu aliyeletwa na Kocha Msaidizi?

Katibu, saa 2:05 usiku: Naona ujumbe umesomwa na karibu wote. Kunyamaza hakujazi fomu.

Kocha Msaidizi, saa 2:20: Mimi namtaka mwanafunzi, kwa sababu urefu haufundishwi. Mwaka 1984 timu ya Houston ilikuwa tayari na Ralph Sampson, aliyekuwa ametoka kutajwa mchezaji chipukizi bora wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na bado wakamfanya Hakeem Olajuwon wa Lagos kuwa chaguo la kwanza la drafti, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya. Mwaka 1986 wawili hao waliifikisha timu fainali, na baadaye Olajuwon akawapa ubingwa wa 1994 na 1995. Wangeridhika na walichokuwa nacho, wangeyapata wapi hayo?

Baba Neema, saa 2:41: Kocha, umetaja Houston ukairuka Memphis, ambayo inatugusa zaidi. Mwaka 2009 Memphis walikuwa na Marc Gasol, kijana wa miaka 24, ambaye katika msimu wake wa kwanza alipata wastani wa karibu pointi 12 na ribaundi 7 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) kwa mchezo. Hata hivyo kwenye drafti chaguo la pili la ligi nzima walilitumia kwa Hasheem Thabeet wetu, huku James Harden akichukuliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Tulikesha kwa furaha usiku ule, na ilikuwa furaha ya haki, maana hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale. Lakini dakika za kucheza angezipata wapi na Gasol yupo? Kabla msimu wa kwanza haujaisha alipelekwa ligi ndogo, na Februari 2011 akahamishiwa Houston. Gasol akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013.

Shemeji, saa 2:44: Kama ni urefu, aandikwe tu, atubadilishie balbu ya kiwanjani bila ngazi. 😂

Dada Mdogo, saa 2:45: 😂😂 Na ile pesa ya balbu tuliyochanga iko wapi?

Fundi, saa 2:52: Balbu nilinunua. Kilichoungua ni holda.

Katibu, saa 2:53: Jamani, balbu ina siku yake. Nauliza tena: Musa au mwanafunzi?

Mama Junior, Alhamisi saa 12:30 asubuhi: Nimesoma tangu jana nikajizuia. Haya tulikwisha kuyaona mwaka ule wa Temeke. Mwanangu aliondolewa kwenye orodha usiku kwa ajili ya mgeni mrefu ambaye hata nusu fainali hakuifika, na mpaka leo hakuna aliyekuja nyumbani kunieleza. Musa asifanyiwe hivyo.

Katibu, saa 12:48: Mama Junior, suala lile tulikwisha kulimaliza.

Mama Junior, saa 12:49: Mlilimaliza ninyi.

Baba Neema, saa 4:15: Niongeze jambo kuhusu Houston. Sampson aliweza kusogezwa akacheza mbele, Olajuwon akakaa kati, ndiyo maana wote wawili walipata nafasi uwanjani. Gasol na Thabeet walikuwa wakigombea eneo lilelile. Kwenye mazoezi ya Jumanne, Musa aliupokea mpira akiwa amekipa kikapu mgongo, akauonesha kwenye bega la kulia, kisha akageukia kushoto na kufunga. Mwanafunzi aliruka bure, na mara ya pili akaruka bure vilevile. Ana kipaji, lakini bado hajafundishwa kusubiri.

Mzee Mwalimu, saa 10:02 jioni: Wanangu, nimewasoma wote. Sijamwona mtu akiuliza huyo mtoto mwenyewe anahitaji nini. Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15, na mtu aliyechelewa kuanza hujifunza kwa kucheza, hajifunzi kwa kukaa benchi nyuma ya mwenzake aliyekwisha kuiva. Kosa halikuwa lake, lilikuwa la waliomweka pale. Jina la Musa lisikatwe kwa simu, wala mwanafunzi asiandikwe kabla mama yake hajaulizwa habari za mtihani. Jumamosi baada ya Alasiri tukutane kiwanjani, na Musa awepo. Na wewe Katibu, nenda kwa Mama Junior.

Dada Mdogo, saa 10:10: Shikamoo, Mwalimu. Tumesikia.

Katibu, saa 10:31: Shikamoo, Mwalimu. Nitakwenda. Ila fomu ni kesho, kwa hiyo nitawaomba waandaaji wapokee majina 11 na kutuachia nafasi moja wazi mpaka Jumamosi. Nani atakwenda kwa mama yake mwanafunzi?

Katibu, saa 2:00 usiku: Nani atakwenda?

Kocha Msaidizi, saa 4:17 usiku: Nitajaribu kupita mimi, ingawa kesho niko zamu ya usiku.

Baba Neema, Ijumaa saa 11:40 jioni: Katibu, waandaaji wamejibu?

Katibu, saa 11:58: Wameipokea fomu. Kuhusu nafasi moja bado hawajasema lolote.