Ushauri wakuu: tuandaeje mifumo ya kampuni kabla kompyuta za kwantamu hazijavunja usimbaji fiche?

MlinziWaSeva
Habari zenu wakuu. Nasimamia TEHAMA kwenye kampuni ya saizi ya kati. Tunatunza majalada ya afya ya wateja, ambayo lazima yabaki siri kwa miaka mingi sana. Matawi yameunganishwa kwa VPN (njia iliyosimbwa inayopita kwenye intaneti), seva chache ni zetu wenyewe, na mengine yako kwenye wingu.

Juzi muuzaji mmoja alimwambia bosi kwamba kompyuta za kwantamu zitafungua kila tulichoficha, kwa hiyo tununue kifaa chake haraka. Bosi sasa ananidai mpango na bajeti. Hatari naiona, ila sijui pa kuanzia. Ninunue vifaa vipya? Nisimbe upya bakapu zote? Wateja wametuamini na mambo yao ya ndani kabisa, sitaki kubahatisha.

BiItifaki
Pole na presha, mkuu. Kwanza usisaini chochote.

Kinachovunjika ni usimbaji wa ufunguo wa umma, ule wa kukubaliana funguo na kuweka saini: RSA, Diffie-Hellman na ECC. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwantamu yenye uwezo wa kutosha ingezimaliza hesabu ambazo usalama wa hizo zote umesimama juu yake. AES, inayofunga data yenyewe kwa ufunguo mmoja wa siri, haimo kwenye kundi hilo. Algoriti ya Grover ya 1996 inaipunguzia nguvu, lakini AES-256 inabaki imara. Kwa hiyo bakapu zilizofungwa kwa AES-256 ziache zilivyo. Chunguza tu ufunguo wake umehifadhiwa vipi, maana ukikuta umefungwa kwa RSA, hapo ndipo penye kazi.

Kinachokuhusu leo hii ni mtu kunasa data inayopita kati ya matawi, akaiweka, akaja kuifungua mashine zikipatikana. Mtafiti wa usimbaji Michele Mosca ana hesabu nyepesi ya jambo hili: chukua miaka ambayo data yako lazima ibaki siri, jumlisha miaka utakayotumia kuhama. Jumla ikizidi miaka iliyobaki kabla ya mashine hiyo kuja, umeshachelewa. Kwa majalada ya afya, jumla hiyo ni kubwa. Ndiyo maana mimi ningeanza na VPN na TLS (inayolinda mawasiliano ya tovuti na seva), pale funguo zinapokubaliwa. Saini na vyeti vinaweza kufuata baadaye, kwa sababu wa kughushi saini anahitaji awe na mashine yenyewe, kurekodi leo hakumsaidii. Isipokuwa vifaa vitakavyokaa kazini miaka mingi na vinavyothibitisha masasisho yao kwa saini ya RSA au ECC, hivyo viwekee alama mapema.

Njiapanda
Lakini mashine yenyewe haipo jamani. Kwa nini kampuni itumie hela kwa kitu cha kufikirika?

BiItifaki
@Njiapanda ni kweli haipo, na zilizopo ziko mbali na uwezo huo. Ila angalia makadirio yanavyokwenda. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2048 kungehitaji kyubiti (biti za kompyuta ya kwantamu) milioni 20. Mwaka 2025 Gidney huyo huyo akashusha hadi chini ya milioni moja, kwa kazi ya chini ya wiki. Hapo ni hesabu tu zimeboreshwa. Halafu kuhama kwenyewe kunachukua miaka, hasa kwa kampuni isiyojua inatumia nini na wapi.

FundiKebo
Hapo kwenye "wapi" ndipo penye jasho. Mkuu, fanya orodha kabla ya kingine chochote: kila VPN, cheti, seva, programu, hata printa na kamera, inatumia algoriti gani, nani anaisasisha, inabeba data ya aina gani. Lahajedwali inatosha kabisa kwa kuanzia.

Utashangaa mengi yanakuja kwa kusasisha tu. OpenSSH, ya kuingia kwenye seva kwa mbali, toka 9.0 inatumia ubadilishanaji mseto wa funguo (algoriti ya zamani na mpya pamoja) kama chaguo-msingi, na 10.0 imehamia ML-KEM, algoriti mpya ya kukubaliana funguo iliyoundwa kustahimili kwantamu. OpenSSL 3.5, maktaba ya TLS inayotumiwa na seva nyingi, nayo inayo. Chrome tayari inajaribu ML-KEM yenyewe ikifungua tovuti, seva yako tu ndiyo ikubali.

Angalizo moja: ufunguo wa umma wa ML-KEM-768 una baiti 1184, wakati wa X25519, algoriti ya ECC inayotumika sasa, una 32. Ujumbe wa kwanza wa TLS hauingii tena kwenye pakiti moja, na kuna fayawoli za zamani zinazoutupa bila kusema neno. Jaribu tawi moja kwanza, tena lile lenye vifaa vya zamani zaidi.

Mkaguzi
Kuhusu yule muuzaji, muulize swali moja: kifaa chake kinatumia FIPS 203? Hicho ndicho kiwango cha ML-KEM kilichotolewa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, Agosti 2024, pamoja na 204 na 205 za saini. Akijibu kwamba wana algoriti yao ya siri, mwage. SIKE, algoriti nyingine iliyopendekezwa kustahimili kwantamu, ilikuwa wazi, wataalamu waliichunguza kwa miaka, na bado ilivunjwa 2022 kwa kompyuta ya kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo tumia mseto, ya zamani na mpya kwa pamoja.

Kwa bosi, mpe ratiba ya NCSC, kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, kama kipimo: kujua ulichonacho ifikapo 2028, mifumo nyeti kuhama ifikapo 2031, yote ifikapo 2035. Na kila mkataba mpya wa vifaa uweke sharti la kusasishwa algoriti. Bajeti kubwa iende kwenye muda wa watu.

MlinziWaSeva
Asanteni sana wakuu, nimepata pa kushika. Naanza orodha, kisha VPN ya matawi. Swali la mwisho: tuna mfumo wa majalada ambao aliyeutengeneza ameacha kuusasisha, na hatuwezi kuuondoa sasa.

FundiKebo
Usiuguse wenyewe. Weka proksi (seva ya kati) mbele yake inayopokea TLS mpya yenye ML-KEM, na nyuma ya proksi mfumo ubaki kwenye mtandao wake mdogo uliotengwa, mashine nyingine yoyote isiufikie moja kwa moja. Uandike kwenye orodha na tarehe ya kuuondoa, bosi aisaini.